Mbuzi wa Nairobi Ni Somo, Mbuzi wa Biliqo Ni Ujinga?

Wasee, leo sina vichekesho. Leo nina hasira, na hasira yenyewe imeanza na mbuzi.

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kupiga video Nairobi. Kuna familia inayosomesha watoto wake nyumbani, haijawahi kuwapeleka shule hata siku moja, na walitaka video fupi za kuonyesha wiki yao inavyokwenda. Watoto ni watatu: wa miaka 12, 9 na 6. Nikakaa nao siku nne. Na kabla hujaniambia nina wivu, wacha niseme ukweli: ni watu wazuri. Chai yao ina maziwa, walinilipa siku ile ile, na wale watoto wanasoma vitabu kuliko mimi na wewe tukiunganishwa.

Asubuhi wanakaa mezani saa mbili tu, hesabu na kusoma. Hakuna kengele, hakuna mtu wa kupiga kelele "kimya!" Baada ya hapo wanapika, wanamwagilia sukuma wiki kwenye magunia, wanapima mvua kwa chupa iliyokatwa shingo. Jumanne na Alhamisi ni siku za ushirika. Kama hujawahi kusikia, huu ushirika ni kama chama, ila badala ya kuzungusha pesa mnazungusha watoto. Familia kumi zinakubaliana. Mama ambaye ni nesi anafundisha watoto wote mambo ya mwili. Baba anayeandika programu anawafundisha kompyuta. Mwingine anajua gitaa. Leo ni kwako, wiki ijayo ni kwangu. Ijumaa wanatoka: Makumbusho ya Nairobi, msitu wa Karura, popote.

Alhamisi ile walienda kuona mbuzi.

Kuna shamba fulani nje ya jiji, unalipa shilingi 1,500 kwa kila mtoto, wanaruhusiwa kushika mbuzi, kumlisha na kumkamua. Mimi nilikuwa na kamera yangu, nimenyamaza, nafanya kazi. Mtoto wa miaka tisa akauliza swali zuri sana: "Mbuzi anajuaje mtoto ni wake, na wote wanafanana?" Mama aliyekuwa mwalimu wa siku akatazama karatasi yake. Jibu halikuwa pale. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia ni harufu kwanza, halafu sauti. Mama mbuzi anamnusa mtoto saa zile za kwanza baada ya kuzaa, na akishamjua hamsahau, akija mwingine kunyonya anampiga teke. Ndiyo maana mbuzi akifiwa na mtoto na unataka alee yatima, unamfunika yule yatima kwa ngozi ya aliyekufa.

Wote wakanyamaza. Halafu wakapiga makofi. Mama mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, "Haya yote ulisomea wapi?"

Nikasema Biliqo.

Akauliza, "Hiyo ni shule gani?"

Nikacheka. Usiku nikiwa kwa matatu ndipo kicheko kiliisha.

Biliqo si shule. Biliqo ni nyumbani. Iko kaunti ya Isiolo, kaunti ndogo ya Merti, upande wa mto Ewaso Nyiro, na ukiulizia Nairobi watu kumi, tisa watakuambia hawaijui na wa kumi atadhani ni jina la mkahawa. Ni nchi ya Waborana, nchi ya mifugo. Kule niliyajua mambo ya mbuzi kwa kuyaishi, na aliyenifundisha ni akko, bibi yangu, ambaye hajui kuandika jina lake.

Sasa shika hapa. Nina binamu, mtoto wa abuya, ndugu ya mama yangu. Ana miaka 13. Anachunga mbuzi sitini na kitu. Hawahesabu. Anawatazama tu wakirudi jioni na anakuambia yule mwenye sikio lililopasuka hayupo, na mtoto wake hayupo, kwa hivyo wamebaki pamoja na huenda yule mkubwa ameumia. Anajua mti gani unaharisha mifugo na mti gani unazuia. Anasoma nyayo. Anajua ganna ikichelewa familia ihame lini, kuelekea wapi, na ni nani anafaa kuombwa ruhusa kwanza, maana malisho yana wenyewe na yana wazee wake, jarsa dedha, wanaopanga nani alishe wapi na msimu gani.

Mtoto wa Nairobi akimkamua mbuzi mmoja, tena kwa kusaidiwa, hiyo inaitwa elimu ya vitendo. Inapigwa video, na mpiga video analipwa. Binamu yangu akikamua ishirini kabla jua halijatoka, anaandikwa kwenye ripoti kuwa "mtoto aliye nje ya shule".

Mbuzi ni mbuzi. Nani aliamua kwamba wa Nairobi ni somo na wa Biliqo ni ujinga?

Najua wengine mmeshaanza kunijibu kabla sijamaliza. "Lakini wale wa Nairobi wanajua kusoma." Tulia, nitafika huko, na nikifika hutapenda mahali nitasimama. Kwanza tuongee sheria.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 30, inasema mtoto lazima aende shule, na mzazi akikataa kumpeleka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Haisemi "isipokuwa kama unakaa mtaa mzuri". Ukiisoma kwa ukali, ile familia niliyopiga video iko matatani sawa na abuya. Na si mchezo, maana kuna mzazi wa magharibi mwa Kenya aliyewahi kukamatwa kwa sababu ya kusomesha watoto wake nyumbani.

Lakini kwa jumla, hebu jiulize ni mlango gani unaobishwa. Serikali ilipoanza mwaka 2018 kusukuma ile habari ya asilimia mia ya watoto kuingia sekondari, machifu walitumwa vijijini kutafuta watoto. Hodi ilisikika Kibra. Hodi ilisikika kwa maboma ya wafugaji. Wewe ulisikia chifu amebisha lango la nyumba yenye bustani na mlinzi, akauliza "watoto wako gredi gani?" Mimi sikusikia.

Sisemi waanze kubishiwa. Usinielewe vibaya, sitaki mtu yeyote akamatwe kwa kumfundisha mtoto wake. Nasema tu sheria ni moja na macho ni mawili. Ukiacha shule kwa kutaka, wewe ni mzazi mwenye maono. Ukiikosa kwa sababu mvua imekosekana, wewe ni mzazi mzembe.

Na haya si maneno ya kubuni. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mitano! Abuya alikuwa na ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe wakaisha. Ili kuokoa mbuzi, familia ikahama, na mtoto wa gredi ya nne akahama nao, kwa sababu hakuna mtu wa kumwachia na hakuna chakula cha kumwachia huyo mtu. Ulitaka wafanye nini? Wakae wafe karibu na darasa?

Mvua iliporudi 2023, na wao wakarudi. Binamu akaenda shuleni, sitaitaja jina. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye daftari. Akaambiwa arudi nyuma, akae na watoto wadogo waliomfika kiunoni. Sare yake ya zamani ilikuwa imembana mpaka vifungo havifungi. Alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akaenda na mbuzi.

Sasa linganisha na mwaka 2020. Machi ile shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 4 Januari 2021. Taifa zima likawa linasomea nyumbani. Waziri na wadogo zake wote. Vipindi vikawekwa redioni, kalenda ikavunjwavunjwa, mihula ikafupishwa ili kila mtu afike pamoja. Hakuna mtoto wa Nairobi aliyefutwa jina kwa sababu ya korona. Hakuna aliyeambiwa "ulikuwa wapi miezi tisa?" Kumbe kalenda ya shule inaweza kupinda! Inategemea tu ni nani anayeumwa.

Kalenda ya shule zetu inajua Krismasi na inajua Aprili. Haijui ganna wala hagaya. Haijui kwamba kuna miezi ambayo kijiji kiko pamoja, maziwa yapo, watoto wako nyumbani na wana nguvu, na kuna miezi ambayo kijiji kiko vipande vipande kwa sababu ya maji. Na hao hao Waborana wanaoambiwa hawajui kalenda wana kalenda yao ya mwezi na nyota, yenye majina 27 ya siku, ambayo wasomi kama Asmarom Legesse waliiandika vitabuni tangu 1973. Kwa hivyo huyo mzee chini ya mti unayedhani hajui leo ni tarehe gani anaijua. Anaijua tu kwa nyota.

Turudi kwa ule ushirika, maana hapo ndipo nilipotaka kulia na kucheka pamoja. Yule mama wa Nairobi alinieleza falsafa yao kwa dakika ishirini. Mtoto si wa mzazi mmoja. Kila mtu mzima ana kitu cha kufundisha. Watoto wa umri tofauti wajifunze pamoja, mkubwa amfundishe mdogo. Darasa ni dunia. Nikawa naitikia kwa kichwa huku nikijiambia, mama, unanielezea olla. Hicho ni kijiji cha Kiborana unachokieleza. Akko alikuwa mwalimu wa hadithi na dawa. Abuya alikuwa mwalimu wa nyayo. Kwenye kisima kuna mtu wa kupanga zamu, mifugo ya nani inywe leo na ya nani kesho, na mtoto anayesimama pale wiki moja anajifunza hesabu na haki kuliko kwenye kitabu chochote cha uraia. Huu ushirika wenu mmeuanza juzi. Sisi tumekuwa nao tangu kabla ya Kenya kuitwa Kenya.

Na mazao yake yapo. Ng'ombe aina ya Boran, anayefugwa leo mpaka Afrika Kusini na Australia, chanzo chake ni mifugo ya hawa hawa watu "wasiosoma". Walowezi walimboresha baadaye, sawa, lakini waliomkuta walimkuta kwa nani? Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, nilisoma ufugaji wa ng'ombe wa nyama kule Argentina. Nilichora ramani ya Pampas. Nilipata alama nzuri. Kuhusu watu wangu kulikuwa na ukurasa wa ufugaji wa kuhamahama, na sehemu kubwa ya ukurasa ilikuwa orodha ya matatizo yake. Nilikariri matatizo ya mama yangu nikapewa alama kumi.

Haya. Sasa nafika pale niliposema hutapenda.

Kuna watu wakisoma mpaka hapa watasema, "Safi sana, basi waacheni wafugaji na utamaduni wao, wana elimu yao." Hapana. Hapana kabisa. Hao ndio hatari kuliko wanaotutukana, maana wanatuacha vile tulivyo kwa tabasamu.

Mwaka jana abuya aliuza mbuzi wanne sokoni Merti. Walikubaliana elfu sita kila mmoja, jumla 24,000. Mfanyabiashara akatuma kwa simu. Ujumbe ukaingia. Abuya hajui kusoma, binamu alikuwa pale lakini kusoma kwake kwa gredi ya nne kulikuwa kumeshamtoka. Wakampa simu nani awasomee? Yule yule mfanyabiashara. Akawasomea: "Elfu ishirini na nne." Wakashukuru, wakaenda.

Mimi ndiye niliyeusoma ujumbe ule, wiki mbili baadaye nilipoenda nyumbani. Ulikuwa wa shilingi 20,400.

Nilinyamaza. Abuya aliniona nimenyamaza, akaniuliza kuna nini. Unamwambiaje mtu mzima, mtu anayejua kila mti kutoka Biliqo mpaka Kom, kwamba ameibiwa mchana kweupe, na kwamba ushahidi amekuwa nao mfukoni muda wote? Nilimwambia. Hakusema kitu. Binamu yangu alitoka nje. Tangu siku hiyo hajawahi kuniambia shule haina maana.

Kwa hivyo usije ukaniletea mashairi ya "elimu ya asili inatosha". Haitoshi. Akko alijua mengi na hakuna daktari aliyeweza kumdanganya kuhusu mwili wake, lakini kila karatasi aliyowekewa mbele aliweka kidole gumba bila kujua imeandikwa nini. Elimu yetu inakufundisha kuishi na ardhi. Haikufundishi kujilinda na mtu mwenye karatasi.

Na karatasi zinakuja. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya wanyama ya Biliqo Bulesa, na ya jirani zetu wa Cherab, ziliundwa kinyume cha Katiba. Wakazi ndio walioenda kortini. Fikiria kesi ile ilihitaji nini. Ilihitaji watu wanaojua ardhi ile, nani alilisha wapi na tangu lini. Na ilihitaji watu wa kusoma sheria, kuandika, kutia sahihi, kujibu mawakili. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, unalalamika chini ya mti mpaka unakufa. Ukiwa na ya pili bila ya kwanza, una wakili mzuri asiyejua anatetea nini. Binamu yangu anastahili zote mbili. Ndilo jambo langu lote, ukitaka kwa ufupi.

Na hapo ndipo tofauti yake na yule mtoto wa miaka tisa wa Nairobi ilipo. Si akili, na si bidii. Mzazi wa Nairobi akifunga mlango wa shule ana mlango mwingine. Anatumia mtaala wa Uingereza ama wa Marekani, analipia, mtoto anafanya mtihani wa IGCSE kama mtahiniwa wa nje, anaingia chuo kikuu. Binamu hana mlango wa pili. Mitihani yetu inakujua kupitia shule yako, na shule yako imeshafuta jina lako. Kwa tajiri, kusomea nyumbani ni njia nyingine ya kufika. Kwa maskini ni mwisho wa barabara.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ilishaandikwa. Sheria ile ile ya 2013 inayomtisha abuya kwa faini, rudi nyuma vifungu viwili tu, kifungu cha 28, imetaja shule za kuhamahama kwa jina, kwamba ni kazi ya serikali kuzianzisha. Kuna baraza zima la elimu ya wafugaji wahamaji, linaitwa NACONEK. Kuna sera ya elimu ya wafugaji tangu kabla ya wengi wenu kumaliza chekechea. Majirani zetu Wasamburu wana Lchekuti, masomo ya watoto wachungaji wanaosoma wakishatoka malishoni, na hayo ni mambo ya tangu miaka ya 1990. Hakuna anayehitaji kuvumbua kitu. Kifungu cha kutuadhibu kila chifu anakijua. Kifungu cha kutuhudumia hakuna anayekikumbuka.

Basi nataka nini? Nataka vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mzungu aje na gari kubwa.

Kwanza, mwalimu anayehama. Isiolo imejaa vijana waliomaliza kidato cha nne, wanaongea Kiborana, wanajua kutembea, na wako tu mjini wanatafuna miraa na kungoja uchaguzi. Wapewe mafunzo, ubao, sola ndogo na mshahara wa maana, waende fora na mifugo. Fora ni kambi ya mbali ya mifugo, na ndiko watoto waliko. Mfuate mtoto aliko.

Pili, jina lisifutwe. Mtoto akihama na mifugo, aandikwe "amehama", si "ameacha". Ni maneno mawili tofauti, na kati yake kuna maisha ya mtu.

Tatu, mtihani uwe wazi. Kama umejifunza, ulijifunzia chini ya mti, mezani Nairobi au kwenye dugsi, kituo chochote kikupokee na kikupime. Kama unajua, unajua.

Nne, na hii ni kwenu mnaosomesha nyumbani. Najua mnapigania sheria iwatambue. Nawaunga mkono. Lakini mkienda kwa wabunge au kortini, msiende na "haki ya mzazi kuchagua" peke yake. Abuya hakuchagua. Andikeni na yeye ndani. Mkiipata ruhusa kwa ajili yenu tu, mtakuwa mmejenga lango lingine lenye mlinzi.

Na sasa niwageukie watu wangu, maana nikiwasema wa Nairobi peke yao nitakuwa mwoga. Abuya, kwa heshima yako, na wazee wangu wote wa Merti: kuna nyumba ambazo mvua imenyesha, maziwa yapo, shule iko umbali wa kutembea, na bado mtoto hajaenda. Hasa msichana. Hiyo si ukame. Msiichukue post hii mkamwonyeshe mwalimu mkuu kwamba "hata yule kijana wa video amesema mbuzi ni elimu". Sikusema hivyo. Nimesema mbuzi ni elimu nusu, na nusu ya pili mtoto wenu anaidai, kwa serikali na kwenu pia.

Mimi mwenyewe sijangoja mtu. Abuya ana simu yenye kamera, na kuna mahali wakipanda kidogo wanapata mtandao. Kila siku wakiwa karibu na hapo namtumia binamu sauti ya somo moja. Anaandika kwa kijiti mchangani, anapiga picha, ananitumia. Nasahihisha kwa sauti. Wakihama mbali, tunapoteana wiki mbili, tatu, halafu picha zinaingia zote kwa mpigo, kumi na tano, ishirini, michanga ya rangi tofauti. Huo ndio ushirika wetu. Hauna ada na hauna mtu wa kuupiga video.

Wiki jana aliacha picha. Akaandika ujumbe mwenyewe, kwa herufi, bila msaada wa mtu. Wa kwanza maishani mwake. Nautoa hapa kama ulivyo:

"mbusi 61 wote maji iko abuya anasalimia lete kitabu"

Nimeshamwambia mbuzi inaandikwa kwa z. Kitabu nitakipeleka mwenyewe Desemba. Lakini mimi si mwalimu, ni kijana wa kamera, na kule fora yuko na watoto wengine saba wanaomchungulia akiandika. Hao nani atawasahihishia?